"Na ya kutolea": hela ya simu ndani ya biashara ndogo za Dar

Sahani ya wali samaki imekwisha, mteja kachomoa simu, mama lishe anamtajia namba. Kisha anaongeza maneno ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anayajua: "Na ya kutolea." Yaani kama chakula ni 3,000, tuma 3,000 pamoja na kile kitakachokatwa nikienda kuitoa kwa wakala.

Ukitaka kuelewa teknolojia inavyofanya kazi kwenye biashara ndogo za jiji hili, anzia hapo. Mama huyu hagombani na simu. Anaitumia kutwa nzima: kuulizia samaki Feri, kumwita kijana wa maji, kuchangia kikoba. Kinachomuuma ni hatua moja tu ya safari ya hela, pale inapogeuka kutoka tarakimu kuwa noti. Wengi husema "simu inakata sana", wakati makato mazito ni ya kuigeuza hela. Anayeijua tofauti hiyo anaweza kunufaika na simu ile ile ambayo jirani yake analalamika kuwa inamla mtaji.

Hela ikiwa kwenye simu, iko wapi?

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, Tigo Pesa (leo Mixx by Yas) ikafuata mwaka 2010. Utaratibu wake ni mmoja, na kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka 2015 ziliusimika kisheria: kwa kila shilingi inayosomeka kwenye simu za wateja, ipo shilingi halisi benki, kwenye akaunti ya amana ambayo kampuni ya simu hairuhusiwi kuichezea. Ukimtumia mtu hela, haki ya kuidai shilingi hiyo ndiyo inayohama. Noti hazijasogea popote.

Noti zinasogea kwa wakala. Kwenye kile kibanda chake, au chini ya ule mwavuli, wakala ana mitaji miwili: noti kwenye droo na floti, yaani salio la kielektroniki, kwenye laini ya uwakala. Ukiweka 50,000, noti zako zinaingia kwenye droo, floti yake inashuka 50,000. Ukitoa, mambo yanageuka. Jumla haibadiliki; kinachobadilika ni upande upi umejaa. Ndiyo maana jioni Kariakoo, wenye maduka wanapokuja kuweka mauzo ya siku, unaweza kuambiwa "floti imeisha", na alfajiri Mbagala, watu wanapotoa hela ya kwenda sokoni, ukaambiwa "keshi hamna". Wakala anakimbia benki au kwa wakala mkuu kusawazisha. Mbio hizo, pamoja na hatari ya kukaa na droo iliyojaa noti mtaani, ndizo zinazolipiwa na makato ya kutoa.

Kwa hiyo kuweka ni bure, kutuma kunakatwa, kutoa kunakatwa zaidi. Viwango vimepangwa kwa ngazi, na ngazi za chini ndizo nzito ukizipima na kiasi chenyewe: anayetoa 3,000 anaacha sehemu kubwa ya hela yake kuliko anayetoa 300,000. Kisha kuna mkono wa serikali. Julai 2021 iliongezwa tozo ya miamala juu ya makato ya kampuni, kwenye kutuma na kwenye kutoa, na vilio vikasikika kila kona. Ilipunguzwa kwa awamu, na kwenye bajeti ya 2023/24 ikaondolewa kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa. Mlango wa kutokea ndio ulioendelea kuwa na bei.

Rudi sasa kwa mama lishe. Tuseme anauza sahani 40 kwa siku, 3,000 kila moja, jumla 120,000. Nusu ya wateja wanalipa kwa simu: miamala 20, jumla 60,000. Kila mmoja ameongeza ya kutolea ya 3,000, ngazi ile nzito. Lakini jioni mama hatoi mara 20. Anatoa 60,000 kwa mkupuo mmoja, na makato ya mkupuo huo ni madogo kuliko zile "za kutolea" 20 zikijumlishwa. Ziada inabaki kwake. Wala hafanyi hila. Wachache wamewahi kukaa na kupiga hesabu hiyo. Ila mteja anayekula hapo kila siku anahisi chakula kimepanda bei bila tangazo, na siku moja anahamia kwa jirani mwenye kibango cha lipa namba.

Ipo pia njia ya mkato: mteja anampa wakala noti na kumwomba amwekee mfanyabiashara moja kwa moja kwenye namba yake, ili kukwepa makato ya kutuma. Kampuni za simu haziutaki mtindo huu, kwa sababu wakala analipwa kamisheni ya kuweka kwa kazi ambayo kiuhalisia ni kutuma. Kwa mfanyabiashara ubaya ni mwingine: meseji inakuja na jina la wakala, siyo la mteja. Wateja watatu wakilipa 15,000 siku moja kwa mtindo huo, nani amelipa na nani bado?

Lipa namba, na kwa nini wengine wanaikimbia

Lipa namba ni akaunti ya biashara yenye namba yake, iliyo kando na salio la mtu binafsi. Mteja anaandika namba na kiasi, na kabla ya kuweka namba ya siri anaona jina la biashara. Wenye simu janja wanaweza kuskani msimbo wa QR. Benki Kuu imeweka kiwango kimoja cha msimbo huo, TANQR, ili kibango kimoja kipokee hela kutoka mitandao na benki tofauti. Hapo tumetoka mbali. Kabla ya 2014 kila mtandao ulikuwa kisiwa. Mwaka huo Tigo na Airtel wakaunganisha huduma zao, na Vodacom akaingia mwaka 2016.

Kuipata si kazi kubwa. Unahitaji laini iliyosajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na biashara iliyorasimishwa mara nyingi huombwa namba ya mlipakodi (TIN) na leseni. Kazi ni kuuliza kabla ya kusaini: mteja wa mtandao huu anakatwa nini, mteja wa mtandao mwingine anakatwa nini, na mimi nikihamishia benki, nikimlipa msambazaji au nikitoa noti nakatwa nini? Majibu yanatofautiana kati ya kampuni na kampuni, na viwango hubadilika. Kijana wa mauzo atakujibu haraka la kwanza. Mng'ang'anie kwenye la tatu, maana ndilo litakalokugusa kila siku.

Wanaoikimbia wana sababu, na kubwa ni kodi. "Ukiweka lipa namba, TRA wanakuona." Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu taarifa ya miamala ni ushahidi wa mauzo. Lakini ni wachache wanaopiga hesabu ya upande wa pili. Kwenye jedwali la TRA la mwaka wa fedha 2024/25, mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Milioni 4 ukigawa kwa siku 312 za kazi ni kama 12,800 kwa siku, kiasi ambacho wengi wanakivuka bila kujua. Chukua mwenye genge anayeuza 30,000 kwa siku: kwa siku 26 za mwezi na miezi 12, ni 9,360,000. Kundi la milioni 7 hadi 11 lina safu mbili. Asiye na kumbukumbu anatozwa 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu anatozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kwa genge hili ziada ni 2,360,000, asilimia 3 yake ni 70,800, jumla 160,800. Daftari limemwokolea 89,200 kwa mwaka. Taarifa ya lipa namba peke yake haitoshi kuitwa kumbukumbu, kwani noti na risiti za manunuzi nazo lazima ziandikwe, ila inabeba nusu ya kazi bila kalamu.

Mauzo yakivuka milioni 11 safu ya wasio na kumbukumbu haipo tena. Kwenye jedwali hilo hilo kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo yote hadi kufikia milioni 100. Yule mama lishe wa sahani 40, kwa siku hizo hizo 312, ana mauzo ya zaidi ya milioni 37. Mauzo, siyo faida: ndani yake mna samaki, mchele, mkaa na msaidizi. Ni haki yake kulijua hilo mapema kuliko kuambiwa na afisa.

Sababu ya pili ya kuikimbia ni kwamba noti bado zinatakiwa huko mbele. Samaki Feri, nyanya za sado Ilala, konda wa daladala: wengi wao wanataka keshi. Hapo ndipo faida ya simu inapopatikana au kupotea. Kila shilingi inayoingia kwenye simu na kutokea kwa wakala inalipia mlango. Ile inayoingia kwenye simu na kwenda kwa mtu mwingine ikiwa bado kwenye simu inauepuka. Chukua karatasi, andika kila unachokilipia kwa wiki moja, weka alama kwenye vile vinavyolipika kwa simu. LUKU, bando, maji na ushuru wa manispaa wenye namba ya malipo ya serikali vinalipika. Msambazaji wa soda na wa gesi mara nyingi naye ana lipa namba. Mwenye fremu ukimwomba hakatai. Mchango wa kikoba unaweza kwenda kwenye akaunti ya kundi kama M-Koba. Kama matumizi hayo yanafika 25,000 kwa siku na mapato ya simu ni 60,000, basi cha kutoa ni 35,000 tu. Na usitoe kila siku. Toa mara mbili kwa wiki, upande ngazi za juu ambako makato ni mepesi.

Meseji siyo hela

Utapeli wa kaunta ni rahisi na unarudiwa kila siku. Mteja anasema ametuma, meseji inaingia, ina "Imethibitishwa", kiasi na jina. Imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, imeandikwa kwa mkono. Meseji halali inaingia kwenye mfululizo ule ule wa meseji za zamani za mtandao wako, chini ya jina la huduma. Saa saba mchana foleni ikiwa ndefu, nani anaangalia? Dawa yake ni kuangalia salio. Skrinshoti ya mteja ndiyo kabisa usiipokee, inahaririwa kwa dakika mbili.

Kuna anayelipa kweli, akaondoka na mzigo, kisha akadai kwa kampuni ya simu kwamba alikosea namba na anataka muamala urudishwe. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wakimbilie kutoa kila hela inapoingia, na kulipia mlango mara kumi kwa siku. Lipa namba inapunguza tatizo, kwa sababu mlipaji aliona jina la duka kabla ya kuweka namba ya siri, na kudai amekosea hakuna nguvu.

Na ile "ile hela tuma kwenye namba hii" bado inavuna, hasa kwa mfanyabiashara ambaye kweli anadaiwa na msambazaji. Anasoma, anaona ni mwenyewe, anatuma. Wekeaneni sharti na kila unayemlipa: namba ya malipo haibadilishwi kwa meseji, inabadilishwa kwa kupiga namba ya zamani na kusikia sauti. Ujumbe wa aina hiyo unaripotiwa kwa kuutuma 15040.

Duka lisilo na fremu

Kariakoo kuna watu wanaoitwa mawinga. Zamani winga alisimama njiani, akamshika mteja mkono, akampeleka dukani na kulipwa na mwenye duka. Leo winga anaamka mapema, anapita maduka ya Mtaa wa Congo na Aggrey, anapiga picha kwa ruhusa ya wenye maduka, anaweka kwenye status ya WhatsApp bei yenye cha juu. Gauni la 18,000 linasomeka 25,000. Mteja akilipa, winga anakwenda kulichukua. Hana mtaji wa bidhaa wala kodi ya fremu. Ana bando, miguu na uaminifu.

Status ina tabia mbili zinazofaa kujulikana. Inafutika baada ya saa 24, na hilo ni jema: bei ya jana haimfungi mtu leo. Pili, inaonekana tu pale ambapo wewe umehifadhi namba ya mteja na yeye amehifadhi yako. Ndiyo maana ya kilio cha "nisevu uone status". Wateja elfu waliokupigia bila kukusevu hawaoni kitu. Orodha ya matangazo nayo ina sharti hilo, na inabeba watu 256 tu kwa orodha moja. WhatsApp Business, ambayo ni bure, inaongeza katalogi, majibu ya haraka ("bei ni…, delivery Dar ni…") na lebo za kutenganisha aliyelipa na anayeuliza. Kwa anayepokea oda kumi na kuendelea kwa siku, lebo pekee zinatosha kuwa sababu ya kuhamia huko. Ukiwa hapo zima upakuaji wa video unaojiendesha. Magrupu ya biashara yanamaliza bando la wiki kwa siku mbili.

Machinga walipoondolewa barabarani na kupelekwa maeneo mapya Oktoba 2021, kilichopotea zaidi kwa wengi ni wapita njia. Aliyekuwa na namba za wateja aliweza kuwaelekeza alipohamia. Kila anayenunua, omba namba yake, iandike pamoja na alichonunua: "Kitenge Tabata", "Raba 42 Kimara". Hilo ni daftari la wateja, na halihitaji programu yoyote.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: picha iko status, mzigo umeisha dukani saa nne. Winga mwangalifu anapiga simu dukani kabla ya kupokea hela, kila mara, hata kama alipita pale saa moja iliyopita. Kwa oda za Dar, bodaboda anafika Mbweni na mteja hapokei simu. Kwa hiyo nauli ya boda ilipwe kabla, bidhaa ilipwe mlangoni. Kwa mikoani hela yote inatangulia, na mzigo unakwenda kwa basi. Andika jina na simu ya mpokeaji kwa maka peni pande mbili za mzigo, chukua risiti ya basi, ipige picha ikiwa karibu na mzigo uliofungwa, tuma picha hiyo pamoja na namba ya gari na saa ya kuondoka. Picha hiyo moja inamaliza ugomvi mwingi.

Mkopo wa kwenye simu

Kampuni ya simu inajua laini yako ina muda gani, hela kiasi gani inapita, na ulirudisha vipi mkopo uliopita. Inakupimia kikomo kutokana na hayo. Mikopo ya akaunti kama M-Pawa, iliyoanza mwaka 2014, na huduma za kumalizia muamala salio linapopelea, kama Songesha, zote zimekaa juu ya kumbukumbu hiyo. Hela ya biashara ikipita kwenye laini ya mke leo, ya mtoto kesho, historia inasambaa na kikomo kinabaki kidogo.

Jambo la kupima ni mwendo wa mtaji. Tuchukue mfano wa gharama ya asilimia 1 kwa siku. Ukikopa 50,000, kila siku ni 500. Mama lishe anakopa alfajiri, ananunua samaki, anauza mchana, anarudisha jioni: amelipa 500 kwa mtaji uliozaa siku hiyo hiyo. Muuza mitumba wa Karume anayefungua belo na kulimaliza kwa mwezi, kwa mkopo huo huo atalipa 15,000, karibu theluthi ya alichokopa. Mkopo wa siku ni kwa mali inayouzika kwa siku. Kuuweka kwenye mali ya mwezi, au ada ya shule, ni kuanza kukopa kulipia mkopo.

Kisha kuna zile programu zinazosakinishwa kwenye simu, ndugu wa mikopo kausha damu. Zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, na ukichelewa, wateja wako na wakwe zako wanapokea meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Kwa mfanyabiashara hiyo ni kuchomewa daftari la wateja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatoa haki ya kulalamika taarifa zako zinapotumiwa hivyo. Kabla ya kusakinisha, tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu. Na programu ya mkopo inayotaka majina ya simu yako, ikatae hapo hapo. Mkopo wa 30,000 hauhitaji kumjua shangazi yako.

Simu ikiporwa

Hela haipotei na simu. Iko benki, na laini ni ufunguo tu. Hatari ni ufunguo kuwa mikononi mwa mwingine huku laini ikiwa hewani. Azima simu ya jirani, piga 100 ya mtandao wako, waifunge laini. Kisha nenda dukani kwao na namba yako ya NIDA, weka kidole, urudishiwe namba ile ile. Ukishaipata, bonyeza *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta kuna usiyoijua. Kibango cha lipa namba kiache ukutani, wateja waendelee kulipa, hela itakusubiri. Ila namba yako ya WhatsApp isajili upya haraka kwenye simu nyingine na uweke uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu mwizi mwenye akaunti yako anaanza na wateja wako wazuri: "Mzigo mpya umeingia, tuma advansi kwenye namba hii."